Kumpandisha Deo Mlimani kwa Gari Lake

Tulisafiri kwa sababu kaka yangu Deo alikuwa amefariki, na mama yetu, anayeishi juu kabisa milimani Uluguru, alituma neno moja tu kwa simu: mleteni. Nyie majirani mliobaki Kimara mmeniuliza mno ilikuwaje njiani. Wengine mnasema eti tulimvunjia marehemu heshima, tukamvua picha yake barabarani mchana kweupe. Basi nakaa chini niwasimulie mie mwenyewe, Skola, niliyeshika usukani, maana naona habari imeshaanza kuota mikia.

Kwa asiyemfahamu Deo, alikuwa fundi friji, Mikocheni. Siku nzima kazi yake ilikuwa kupoza vitu vya watu, na jioni akirudi nyumbani alikuwa na kitu chake kimoja kisichokubali kupoa. Lile gari. Mnalijua, lile refu la zamani linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye mabenchi mawili nyuma, lililokuwa linawaamsha Jumapili kabla ya misa ya kwanza. Alilinunua chakavu ili awe anakwenda kwetu, kwa sababu kipandio cha mwisho, ule mwinuko mkali kabla ya kufika kwa mama, hakipandwi na gari la mjini.

Na siku aliyolihitaji kweli, lilimwangusha. Mama aliugua, Deo akaenda kumchukua, na katikati ya kile kipandio gari likachemsha. Mvuke ulitoka kwenye boneti mpaka wakulima wakakimbia wakidhani ni moto. Mama ikabidi abebwe kwenye kiti na wanaume, ateremshwe kwenye matope mpaka lilipokwama gari. Alipona, ashukuriwe Mungu. Ila alipokuwa bado kitandani hapo Kimara alimtania mwanawe, "Gari lako hilo nitaliamini siku likifika mlangoni kwangu halijachemka." Mama alikuwa anacheka. Deo alilipokea kama hukumu ya mahakama.

Tangu siku hiyo hakuwa na Jumapili nyingine. Alifunga rejeta nene zaidi ya kupoza maji ya injini. Akakunja bati akaizungushia feni. Nafasi zote za pembeni ya rejeta akaziziba kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi, akang'oa zile taa kubwa na vyuma vya urembo vilivyokuwa mbele, na mwishowe akachukua msumeno akakata matundu kwenye boneti, mkewe Prisca akapiga kelele kama amekatwa yeye. Mie nilikuwa namshikia tochi na spana. Kila mtu alimwambia ni maji, abadilishe maji, aache yale ya kisima yenye chumvi. Aliyaacha, lakini alikuwaga ananiambia, "Ishu si maji, Skola. Ni upepo. Upepo mvivu kama wewe, unapita penye urahisi. Ukiuachia mwanya pembeni, utapita pembeni, rejeta ibaki inaungua. Na ukishaingia, lazima upate pa kutokea."

Kupima alikuwa na njia yake. Anawasha injini, anachukua karatasi, anaisogeza mbele kwenye sho, yale matundu ya mbele yanayopitisha upepo, kisha anaiachia. Karatasi ikivutwa na kunata pale bila kushikwa, anacheka peke yake. Siku iliponata vizuri kabisa alinibeba juujuu, mtu mzima na mwili wangu huu. Akasema mwezi ujao tunampelekea mama gari mlangoni.

Mwezi uliofuata akaanza kuumwa, hakuinuka tena. Mashavu yalikwisha, macho yakabaki. Nilipokuwa naenda kumwona hospitali, swali lake la kwanza halikuwa watoto wala kazi. "Mshale umekaaje?" Yaani mshale wa joto kwenye dashibodi, maana nilikuwa nalizungusha gari kidogo kidogo lisije likalala. Namjibu, katikati, kaka. Anafumba macho, anatulia.

Kwa hiyo alipofariki nilisema hapandi gari la kukodi. Mjomba Bonifasi, ambaye kwetu Uluguru ndiye mwenye sauti ya mwisho kwenye msiba wa watoto wa dada yake, alikataa. Gari bovu, dereva mwanamke, mlima ule! Nikamjibu kwamba mie naendesha kirikuu cha kusambaza mikate kila siku ya Mungu, na gari si bovu. Nililia, nikagombana, nikavua na adabu kidogo. Prisca akaniunga mkono, na wiki ile ndilo jambo pekee tulilokubaliana mie na wifi yangu. Sote wawili tulijua uzito wake. Likifika mlangoni kwa mama bila kuchemsha, Deo atakuwa amemaliza kazi yake. Likichemka, tukamhamishia gari jingine, basi kule kwetu hiyo ndiyo habari yake itakayobaki miaka yote, Deo na gari lililomshinda.

Asubuhi, Kimara. Tulishamtoa mochwari Temeke, ibada imekwisha, jeneza limeingia nyuma katikati ya mabenchi. Nyie mlikuwepo. Mliona Prisca alivyotoka ndani na lile bango la plastiki, kubwa kama shuka, Deo kavaa suti, anatabasamu, mashavu yamejaa. Vijana wakalipokea, wakalifunga pale tunapolifungaga siku zote, mbele ya gari, kutoka taa mpaka taa. Wamelivuta likakaza kama ngozi ya ngoma.

Nikamsogelea kwa upole, nawaapia, kwa upole. "Wifi, hapo ndipo panapoingia upepo."

"Marehemu anakaa mbele, wifi."

"Najua. Ila rejeta itakosa hewa."

"Magari yote ya misiba yanafungwa hivihivi. Yote yanachemsha?"

Mjomba akasema basi liwekwe juu ya boneti. Nikamwambia huko nako kuna matundu, hewa ya moto inatokea huko. Prisca akanitazama. "Kwa hiyo mume wangu alitengeneza gari lisilotaka picha yake," akasema, akageuka akapanda nyuma, akakaa na jeneza. Watu wote wananiangalia mie. Ningefanya nini? Nikawasha injini.

Mbezi. Foleni kama kawaida, malori kwa mabasi, tunasogea hatua tunasimama. Kwenye foleni hakuna upepo wa mwendo, ni feni peke yake ndiyo inahangaika, na leo imefunikwa shuka. Mshale ukaanza kupanda. Nikafanya alichonifundisha Deo siku za mwanzo, nikawasha hita ya ndani mpaka mwisho, injini itoe joto lake kwetu. Jua la Dar nje, hita ndani, jeneza nyuma. Mjomba alikuwa amekaa pembeni yangu na suti ya sufu. Miguu yake ilikuwa inachomwa na ile hewa, jasho linamtiririka mpaka kwenye tai. Akasema tu, "Skola, huku ndiko kumsindikiza mtu?" Nikamwambia ndiko, mjomba, vumilia.

Kibaha. Hapo ilibidi nitoke barabarani, niegeshe chini ya nguzo za umeme karibu na kibanda cha muuza maboga. Basi dogo lililobeba waombolezaji likaegesha nyuma yetu. Niliacha injini iungurume taratibu ili feni iendelee, nikazunguka mbele, na nilichokiona sitakisahau. Feni ilikuwa inalivuta lile bango. Deo aliijenga ivute, nayo ilivuta kwelikweli, plastiki imeingia kwenye matundu ya sho, na pale palipokuwa na mashavu yaliyojaa pamebonyea ndani. Ilikuwa sura yake ya hospitali. Nikashika kiuno nikainama.

Prisca alishuka, akaja akasimama kati yangu na gari, kama nina kisu.

"Usiliguse."

"Wifi, halitafika. Nakuomba."

"Wiki zote zile mlinizuilia watu wasimwone. Hataki kuonwa vile, hataki kuonwa vile. Nikamfungia ndani kama mtu aliyeiba. Leo anaonekana. Leo ana mashavu. Umeona watu barabarani walivyokuwa wanasimama? Yule mzee wa Mbezi alivua kofia. Halafu unataka nimvue nimkunje nimtie chini ya kiti?"

Ni kweli watu walikuwa wanasimama. Muuza maboga mwenyewe alikuwa amesimama na mikono ameiweka nyuma. Na ni kweli kwamba Deo ndiye aliyeniomba watu wasimwone, mie nikawa mlinzi wa mlango, mkali kuliko manesi. Nilikuwa na hoja ya rejeta, sikuwa na hoja ya hilo. Nikaishia kulegeza kamba za pembeni, upepo upate kupenya kidogo. Tukakaa hapo tukisubiri joto lishuke, Prisca kwenye ngazi ya nyuma, mkono wake juu ya jeneza, mie chini kwenye kokoto. Sijui kwa nini, lakini nusu saa ile ndiyo niliyoiona ya utulivu kuliko zote tangu afariki.

Chalinze mpaka Morogoro. Barabara ikafunguka, nikadhani mwendo utatusaidia. Wapi. Bango lililolegezwa likawa linapigapiga sho kama mtu anayegonga mlango, na mshale ukabaki juu, haushuki, hauendi kwenye nyekundu, umening'inia tu. Nikawa natazama mshale kuliko barabara. Milima ilipojitokeza, na mawingu yake yaleyale, mjomba akafanya ishara ya msalaba.

Chini ya mlima. Tuliacha lami, tukaingia vumbi, na mwanzo wa kipandio mshale ukagusa nyekundu. Nikazima hita, nikaegesha. Harufu ya rejeta mnaijua, ile ya utamu uliooza. Kutoka hapo unaona bati la nyumba ya mama kule juu, linang'aa kidogo kati ya migomba. Unaliona kabisa.

Kulikuwa na pikapu ya jamaa wa kijijini iliyotelemka kutupokea. Mjomba akaitazama, akaitazama njia, akatazama jua. Padri alikuwa juu anasubiri, na jioni alikuwa na misa kwenye kigango kingine. "Mhamisheni," akasema. "Tusimzike gizani kwa sababu ya ubishi." Vijana wakafungua mlango wa nyuma, wakaanza kulivuta jeneza. Prisca hakupiga kelele. Alilikumbatia tu, wakawa wanalivuta pamoja na yeye. Na mie nikasimama pale nikiona kazi ya Jumapili zote zile inateremshwa kwenye vumbi, na roho inaniuma kwamba wakati huohuo dawa yake ilikuwa kukata kamba nne.

Ndipo akashuka Maulidi. Huyu ni dalali wa viwanja wa Bunju, na kwa ukoo wetu ni mtani. Kwa mdogo asiyejua, mtani ndiye pekee aliyeruhusiwa kumcheka marehemu mbele ya wafiwa, kumwiga, kumdai, kumsema, na hakuna anayekasirika, hiyo ndiyo kazi yake msibani. Tangu Kimara alikuwa anawasumbua watu kwenye basi kwamba Deo alimwahidi viatu, afunguliwe jeneza aangalie kama havijavaliwa. Alikuja mpaka mbele ya gari kajifunga kanga ya bibi mmoja kichwani, akasimama anatazamana na picha.

"Wee Deo!" akamfokea. "Mchoyo wewe mpaka leo! Hewa yote unaivuta peke yako, injini ivute nini? Ona mashavu yalivyoingia ndani, anafyonza huyo, anafyonza! Ulipokuwa hai ukitukataza hata kuegemea hapa, eti tunaziba upepo. Nilipiga hapa picha nikanuniwa wiki nzima. Leo umejiziba mwenyewe, na mkeo kakusaidia!"

Watu wakaanza kucheka, wale wa kwenye basi, kisha hata vijana waliokuwa wameshika jeneza. Maulidi akatoa kisu kidogo, akakata kamba moja. Prisca akaliachia jeneza, akapaza sauti, "Jamani!" Mjomba akainua mkono. "Mwacheni. Ni mtani."

Akakata zote. Bango likamwangukia, akajifunga kiunoni, uso wa Deo kwenye makalio. Halafu akafanya kitu ambacho hakuna aliyemfundisha. Akaenda kwenye boneti, akaweka sikio, mkono mmoja kiunoni, mdomo ameukunja upande, Deo kabisa, Deo yule wa uani Kimara, akaniita kwa sauti ileile ya kupitia puani, "Skola! Mshale umekaaje?"

Prisca alicheka. Alicheka kweli, kwa nguvu, mara ya kwanza tangu hospitali, na katikati ya kicheko sauti ikamgeuka, akalia. Hakuwa amelia vile, alikuwa analia kwa kubana. Pale alilia mpaka wanawake wakamshika mabega, na hakuna aliyemnyamazisha.

Maulidi akamwacha alie. Akalifungua bango kiunoni, akalikung'uta vumbi kwa adabu kabisa, akalipeleka nyuma ya gari. Jeneza likarudishwa ndani, mlango ukafungwa, naye akalifunga bango juu ya mlango wa nyuma, akalinyoosha pembe. "Kaa huku," akamwambia, sasa kwa sauti ya chini. "Waangalie wanaokufuata." Na mbona sie wengine hatukuwaza hilo tangu Kimara? Sijui. Tulizoea mbele, basi.

Tulisubiri lipoe. Nilipowasha, nikachukua karatasi ya ratiba ya ibada, nikaisogeza mbele ya sho, nikaiachia. Ikanata.

Kipandio. Nikaingiza gia ya chini kabisa, nikakanyaga taratibu. Mawe, korongo, kona ambayo upande mmoja hauna kitu. Mshale ukapanda kidogo ukapita katikati, nikasema basi, ukasimama. Haukwenda tena. Tukapita pale mama alipoteremshwa kwenye kiti. Mjomba alikuwa anahesabu rozari kwa sauti, na nyuma yetu wale wa basi, sasa wamejazana kwenye pikapu ya kijijini, wanaimba, wanapanda mlima wote wanatazamana na Deo anayetabasamu.

Kwa mama. Watu walikuwa wamejaa uani, vilio vikaanza. Mama alikaa kwenye mkeka mlangoni. Nilipozima injini akainuka, akakataa kushikwa, akaja. Nilidhani anakwenda nyuma kwenye jeneza. Alikuja mbele. Akaweka kiganja chake juu ya boneti, akakiacha hapo, akatega sikio.

"Limekuja lenyewe?"

"Limekuja lenyewe, mama."

"Halijachemka."

"Halijachemka."

Akalipigapiga, kama unavyompigapiga mtoto mgongoni. "Haya," akasema. "Mtoeni mwanangu." Hapo ndipo alipotaka kuanguka, tukamdaka. Tulimzika Deo jua likiwa bado lipo, Maulidi akiwa wa kwanza kuingia kaburini kulipima, akilalamika kwamba ni fupi kwa mtu mwenye majivuno.

Kurudi. Baada ya matanga bango tuliliacha ukutani kwa mama. Mjomba alibaki milimani, kwa hiyo Prisca alikaa mbele na mie. Nyuma hapakuwa na kitu, mabenchi yanagongana tu. Nilichojifunza nitawaambia, maana ndicho mlichokuwa mnangoja: msiba ujao picha ifungwe nyuma, na mtani asiachwe kwenye basi mpaka mambo yaharibike. La zaidi nimejifunza kuhusu wifi yangu. Nilidhani anagombania plastiki.

Mshale ulikaa katikati kutoka mlimani mpaka Chalinze, kutoka Chalinze mpaka Mlandizi. Gari lilikuwa linakwenda vizuri ajabu, kama jipya, na kadiri lilivyokwenda vizuri ndivyo lilivyonitia majonzi. Tulipokaribia Kibaha Prisca akauliza, "Mshale umekaaje?"

"Katikati, wifi."

Akatazama nje. "Hauwezi kupanda hata kidogo?"

Nikapunguza mwendo, nikawasha taa za pembeni, nikaegesha palepale chini ya nguzo, tulipokaa na Deo. Nikazima injini. Tukashuka, mie nikakaa kwenye kokoto, yeye kwenye ngazi ya nyuma. Baadaye akatokea yule muuza maboga, akatukumbuka, akatupa pole, akauliza kama tunasubiri lipoe tena.

"Ndiyo, kaka," Prisca akamjibu. "Tunasubiri lipoe."

Jamaa akarudi kibandani, akaja na dumu la maji, akaliweka chini karibu na gurudumu. Prisca akamshukuru kwa mikono miwili.